Imbeni, Ila Mtajeni Aliyewafundisha

Wanangu mnaopenda muziki, nawasikia mkibishana kuhusu "The House of the Rising Sun": upi ndio wimbo wenyewe, na upi wa kuiga? Wengi wenu mnaapa kwa ule wa kundi la The Animals wa mwaka 1964. Ni mtamu, sikatai. Gitaa la Hilton Valentine linatangulia, kinanda cha Alan Price kinaingia, na Eric Burdon anaimba kama mtu aliyeharibikiwa kweli. Lakini msiishie hapo.

Rudini nyuma. Mwaka 1933 Clarence Ashley na Gwen Foster waliurekodi, naye Ashley alisema alifundishwa na babu yake. Mwaka 1937 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, alifika na mashine yake ya kurekodia Middlesboro, kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Kentucky. Huko aliimbiwa na Georgia Turner, binti wa mchimba madini, mwenye miaka 16. Kwa Georgia, anayelia ni mwanamke aliyepotelea New Orleans, anayetaka mdogo wake aonywe asifuate nyayo zake. Kwa The Animals, ni mwanamume. Maneno machache yamebadilika, na uchungu nao umehamia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo acheni kutafuta wimbo wenyewe. Nyimbo za asili huishi kwa kupokezana, na kila anayepokea ana ruhusa ya kuongeza na kupunguza. Bob Dylan aliutoa mwaka 1962 kwa mpangilio alioupata kwa mwimbaji mwenzake, Dave Van Ronk. The Animals wakaja na toleo lao, likashika namba moja Uingereza na Marekani, na kwenye sahani jina la mpangaji likawa moja tu: Alan Price.

Hapo ndipo ninapowaasa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkirekodi wimbo wa asili, andikeni mlijifunza kwa nani na wapi. Ukiwaletea fedha, mkumbukeni aliyewapa. Na kabla ya kuingia studio, sikilizeni matoleo matatu au manne, mkianza na la zamani kabisa, mjue ni nani anayesema ndani ya wimbo na anamwambia nani. Mkishajua hayo, badilisheni mnavyotaka. Sifa yenu haitapungua kwa kumtaja binti wa Middlesboro. Itapungua mkijifanya hakuwapo.