Ushahidi wa Mwenye Maumivu

Katika yote ayajuayo mtu, hapana alijualo kwa yakini zaidi kuliko maumivu ya mwili wake. Na katika yote asimuliayo, hapana litiliwalo shaka upesi kama hilo. Jeraha huonekana na homa hupimwa, lakini maumivu hayana shahidi ila yule ayapataye. Je, neno la shahidi huyo mmoja latosha kutuwajibisha sisi tusiohisi chochote?

Nalitazama swali hili kwa mfano wa ugonjwa mmoja wa wanawake ambao madaktari huuita endometriosi. Hapa Tandala, katika baridi ya milima ya Makete, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, msichana ambaye kila mwezi hujikunja kwa maumivu ya tumbo hata akashindwa kwenda shule au kupalilia viazi, aghalabu huambiwa kuwa ana chango. Silidharau neno hili. Wazee waliolitumia walikiri angalau kwamba ndani ya tumbo mna kitu kisumbuacho. Ubaya huingia pale neno lifuatwapo na lile dogo la “tu”: ni chango tu, ukizaa litakwisha. Hilo “tu” huufunga mlango ambao jina lilikuwa limeufungua.

Katika endometriosi, tando zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: juu ya ovari, juu ya matumbo, na mara chache hata kifuani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190, mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, wanao ugonjwa huu, na kwamba tangu dalili za kwanza hata kutambuliwa kwake hupita miaka 4 hadi 12. Kuzaa si dawa yake.

Watu wengi walidhani kuwa ukubwa wa maumivu ungelingana na wingi wa tando hizo. Sivyo ilivyo. Yupo mwenye tando nyingi asiyeumwa sana, na yupo mwenye madoa machache asiyeweza kusimama wima. Huyu wa pili ndiye aliyegeuzwa mshtakiwa: daktari ametazama, ameona kidogo, basi mwanamke anatia chumvi. Hoja hii ina sura ya mantiki, lakini msingi wake ni mbovu, kwa kuwa hudhani kwamba kionekanacho ndicho kiumizacho.

Kiumizacho ni nini basi? Mwili huzipelekea tando hizo chembe zake za ulinzi, nazo huwasha ule mwako ambao katika jeraha la nje twauona kwa wekundu, joto na uvimbe. Pamoja na mwako huo hutoka vichochezi vinavyoikuza mishipa ya fahamu, ikapenya ndani ya tando kama mizizi katika udongo uliotiwa samadi. Wala mishipa hiyo si tarishi tu wa kupeleka habari ubongoni. Nayo hutoa vitu vya kuwaita na kuwageuza walinzi, na mzunguko ukaendelea. Mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, walionyesha hayo kwa panya: walipokizuia kitu kimoja kitolewacho na mishipa hiyo, kwa dawa zilizokuwa zikitumika kutibu kipandauso, maumivu yalipungua na tando zikapungua. Panya si mwanamke, na jambo hilo lataka kuthibitishwa kwa watu. Zaidi ya hayo, uti wa mgongo na ubongo vikipokea habari za maumivu miaka mingi huzoea kuzikuza. Ndiyo sababu wengine huendelea kuumwa hata baada ya tando kukatwa.

Wenye mashaka watakuwa wamepata jibu. Lakini furaha yetu hapa yanitia wasiwasi. Tukimwamini mwanamke leo kwa kuwa mishipa yake imeonekana katika hadubini, tulichokiamini ni hadubini. Nayo macho huona yaliyofundishwa kuona. Ilikuwapo dhana miongoni mwa madaktari wa Marekani kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake weupe wenye nafasi. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, alionyesha kuwa zaidi ya mmoja kati ya kila watano wa wagonjwa wake weusi aliowachunguza ndani ya tumbo alikuwa nao, na wengi wao walikwisha kuambiwa kuwa wana maambukizo ya nyonga. Walikuwa wamesema. Hawakusikilizwa kwa sababu jibu lilikuwa limeandaliwa kabla yao.

Msomaji atauliza: daktari asipotia shaka, atatambuaje? Na hospitali ya mashambani itampasuaje kila asemaye anaumwa? Swali ni la haki. Ila kumwamini mtu kwamba anaumwa si kuamini kila sababu aitoayo. Katika jambo la kwanza yeye ndiye shahidi. Katika la pili daktari ndiye mchunguzi, na shaka yake hapo ni wajibu. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu kiliandika mwaka 2020 kuwa maelezo ya mtu juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa.

Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliusema ugonjwa wake hadharani katika nchi ambamo hedhi hunong'onwa. Njambi Koikai wa Kenya, mtangazaji, ambaye ugonjwa ulimfika mapafuni, alisema mpaka alipofariki Juni 2024. Hao walikuwa na vipaza sauti. Msichana wa Tandala ana mama yake, mwalimu wake na muuguzi wa zahanati. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 huruhusu dawa za maumivu na za homoni zianzishwe kabla ya kupasua. Na kumwuliza kama maumivu hurudi na hedhi, kama humzuia shuleni, kama huzidi aendapo haja, hakuhitaji mashine wala fedha. Kwahitaji mtu akae chini na kungoja jibu.