Kidonda cha haramu nacho huuguzwa

Swali lenyewe ni hili. Kijana wa Kiislamu kachorwa tatuu mkononi, na siku ya tatu mkono umevimba. Anakuja kwako kuuliza aufanyie nini. Umjibu, au umwambie akatubu kwanza?

Wapo wanaosema kuwa kumfundisha mtu namna ya kutunza mchoro mpya ni kumsaidia katika dhambi. Hoja hii niliisikia Tarime mjini baada ya swala ya Ijumaa, kutoka kwa mzee ninayemheshimu, na haikuwa hoja ya kipuuzi. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchora mwili na mwenye kuchorwa, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa, akauliza mzee wetu, kazi iliyolaaniwa wewe unaipelekea sabuni na mafuta ili itoke vizuri? Pale barazani hakuna aliyemjibu. Mimi sikubaliani naye.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Tatuu mbichi ni jeraha. Sindano imepita ngozi ya juu mara nyingi sana na kuacha wino chini yake. Jeraha hilo linataka mikono iliyonawa, maji safi na sabuni isiyo kali, likaushwe taratibu kwa kitambaa safi, magamba yasibanduliwe, lisipigwe jua wala kutumbukizwa ziwani mpaka ngozi ifunge, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne. Ukiona usaha, homa, au uvimbe unaoenea, ni hospitali. Na kama sindano ilishatumika kwa mtu mwingine, basi kuna homa ya ini na virusi vya Ukimwi, ambavyo haviondoki kwa sabuni. Hapo ni kwenda kupima.

Ni kweli kwamba kwa matunzo hayo mchoro nao utatoka vizuri. Silifichi hilo. Lakini mkono ni wa nani? Wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni wakali juu ya jambo hili kiasi cha kumtaka aliyejichora auondoe mchoro. Hata hivyo wao wenyewe wanasita mahali pamoja: ikihofiwa kuwa kuuondoa kutamdhuru, basi hauondolewi, na toba inamtosha. Ukali wao wote umesimama mbele ya usalama wa mwili. Halafu kuna kisa alichokipokea Abu Daud, cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa isipokuwa aoge. Akaoga, akafa. Mtume aliposikia aliwakasirikia wale waliomjibu bila elimu, na kauli yake ilikuwa kwamba wao ndio waliomuua.

Katika Tarime na Serengeti, hata hivyo, jambo hili lina uzito kuliko tatuu za vijana. Huko ni nchi ya Wakurya, na katika koo nyingi Novemba na Desemba za miaka inayogawanyika kwa mbili zimekuwa msimu wa tohara, wavulana na mabinti pia. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta kwamba mkoani Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Sheria ipo tangu 1998, na kwa mwenye dhamana ya binti wa chini ya miaka 18 inataja kifungo cha miaka 5 hadi 15. Ni sheria nzuri. Lakini fikiria usiku ambao binti anatokwa damu na haikatiki. Baba anajua kuwa kumpeleka zahanati ni kujipeleka polisi. Akichelewa mpaka asubuhi, anaweza kuwa anapeleka maiti.

Muuguzi atakayepokea binti huyo afanye nini? Azuie damu kwanza. Kuripoti ni wajibu, na kunakuja baada ya hapo. Sidhani yupo atakayesema kuwa kwa kuizuia damu ameunga mkono ukeketaji. Lakini muuguzi huyo huyo akiombwa wiki moja kabla aje akate yeye, kwa wembe safi na ganzi, hiyo si huruma tena. Amekuwa ngariba mwenye koti jeupe. Hapa ndipo mzee wetu alipokuwa na haki: kabla ya kisu, utaalamu wako ni ushirika. Baada ya kisu, ni kunyamaza kwako ndiko ushirika. (Na mwenye nguvu ya kusaidia kabla ya kisu, tangu 2014 Mugumu ipo nyumba salama aliyoisimamia Rhobi Samwelly, na Tarime kipo kituo cha Masanga, najiuliza sisi Waislamu wa mijini tumepeleka huko hata magunia mangapi ya unga.)

Je, kijana ambaye bado hajachorwa, lakini amekwisha kuazimia? Hapo nasita. Nitamweleza hukumu, nitamweleza na homa ya ini, ajue sindano chafu inavyoua. Duka simwonyeshi.

Limebaki suala la udhu, maana wengi wenye mikono ya namna hiyo wameacha swala wakidhani haikubaliki. Wino uko chini ya ngozi, hauzuii maji kufika, na udhu wake ni sahihi. Jeraha likiwa bichi na maji yanadhuru, kwa Shafi ataosha palipo pazima, atapangusa juu ya bandeji kama ipo, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyobaki. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake, na sheikh naye asimfukuze kabla hajautazama mkono.