Ndege wa Uani na Kunguru wa Mangapwani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyedhamini riziki ya kila kitambaacho na kirukacho. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Huko Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja, mvua za vuli zikianza, mwenye kutaka kuona dalili za Mola wake hana haja ya safari. Na akae uani mchele ukisha kupetwa, atazame. Hushuka tetere wawili wawili, wakienda kwa adabu kama waingiao msikitini. Hufuata shorewanda kwa makelele. Chozi hazitazami chenga kabisa, shughuli yake ni ua la mgomba. Na juu yao hupita mbayuwayu waliotoka Ulaya, wakila warukapo, hawana ghala wala mzigo. Na Surat al-Mulk yaeleza ni nani awashikaye hewani.

Kisha huja kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu. Huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Asikinai nazo, akageukia mayai na makinda ya wenziwe.

Mtu mmoja wa kijiji hicho alimaliziwa vifaranga vyake na kunguru, akachanganya sumu na pumba ili aimwage uani. Jirani yake akamzuia. Akasema, "Je, bwana, kunguru si katika wale watano waliohalalishwa kuuawa hata katika Haram?"

Neno lake ni kweli, limepokewa kwa Bibi Aisha. Lakini mwenye nusu ya dalili huwa mgumu kufundishwa kuliko asiye na kitu.

Jirani akamjibu, "Ametajwa, ndugu yangu. Tetere je, ametajwa? Na kuku wangu? Na mtoto atambaaye, aokotaye kila akionacho?"

Yule bwana akanyamaza. Kwani kuruhusiwa kumwua mwenye kudhuru si kuruhusiwa kumwua aliye karibu naye, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Tena Mtume, kwa mapokezi ya Shaddad bin Aus, ameamrisha wema hata katika kuua. Na Ibn Masud amesimulia kwamba safarini watu walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe.

"Na vifaranga vyangu?" akauliza yule bwana, na haki alikuwa nayo.

"Vifunike kwa tenga hata vikue. Kunguru mtegee peke yake, na kiota chake kivunje."

Pumba ile ikafukiwa shimo refu, mbali na kisima. Asubuhi ya pili zikamwagwa chenga safi. Wakashuka tetere, akashuka na kunguru, akatupiwa jiwe, akaruka, akakaa juu ya mnazi akingoja.