Nguzo Nne za Simunul

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, kusini kabisa mwa Ufilipino, jirani na Borneo, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Simunul, katika mkoa wa Tawi-Tawi. Wenyeji wake ni Wasama, watu wa bahari, na madhehebu yao ni ya Imamu Shafi, kama tulivyo wengi wetu wa mwambao huu. Katika kijiji cha Tubig Indangan umo msikiti ambao, kwa mapokezi ya wenyeji, uliasisiwa na Sheikh Karimul Makhdum mwaka 1380, yaani miaka 141 kabla ya Magellan kufika visiwani humo na msalaba wake. Msikiti umejengwa upya mara kadhaa, lakini nguzo nne za kale, za mti mgumu uitwao ipil, zimehifadhiwa ndani yake. Kila tarehe 7 Novemba sheikh huyo hukumbukwa.

Wasama wana ada moja ipendezayo. Mtoto akiisha kuhitimu Kurani huvikwa nguo nzuri, akasoma mbele ya jamaa na majirani, kisha watu wakalishwa. Wao huiita magtammat. Sisi twaijua kwa jina la khitma. Ada hii ni njema, kwani humtukuza mwenye kusoma.

Lakini wapo wenye kuzigusa nguzo zile na kuzikumbatia wakitaraji baraka. Hapa ndipo tunapopaswa kusimama na kufikiri. Sheikh Makhdum hakuvuka bahari ili watu waheshimu mti. Alivuka ili wamwabudu Aliyeuumba mti. Hata kaburi lake lenyewe ladaiwa na zaidi ya kisiwa kimoja, wala hasara hiyo si kubwa, kwa kuwa alichokiacha hakikuzikwa pamoja naye. Sayyidna Umar, alipolibusu Jiwe Jeusi, alitangaza kwamba alijua ni jiwe tu lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba hulibusu kwa kuwa alimwona Mtume akilibusu. Ikiwa hayo yalisemwa juu ya jiwe la Alkaaba, tuseme nini juu ya nguzo ya ipil?

Tusiwacheke ndugu zetu wa mbali. Kwetu pia yako makaburi ya nguzo, kama yale ya Malindi, na wako wanaofukiza ubani na kuweka nadhiri penye magofu na mizimu, na hali sala tano zawapita. Ni wepesi ulioje kuheshimu kuni na mawe, ambayo hayatuulizi lolote, kuliko kuifuata elimu, ambayo hutuuliza kila siku!

Basi na tuyatunze majengo ya wazee wetu, kwani ni ushahidi wa historia yetu, na atakayeyabomoa kwa ujinga amekosa. Lakini tutunze zaidi kilichoyasimamisha. Mtoto wako amehitimu: je, ameifahamu hata sura moja aliyoisoma? Binti yako naye, je, umempeleka chuoni kama ulivyompeleka nduguye? Huko ndiko kumheshimu Sheikh Makhdum na kila mwalimu aliyetutangulia. Nguzo za dini ni tano, wala hazikumbatiwi kwa mikono. Husimamishwa kwa matendo.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na wao katika njia iliyonyooka. Amin.