Huruma, Haki na Mtoto wa Chumba cha Ndani

Katika nyumba za Kishanda, kama katika Buhaya yote, mgeni hapewi kiti kitupu; huletewa punje za kahawa atafune, ajue kwamba amepokewa. Lakini zipo nyumba ambamo mgeni hupokewa hivyo huku mtoto wa nyumba hiyo hiyo amefichwa chumba cha ndani, kwa kuwa haoni, au hasikii, au miguu yake haikunyooka. Mgeni ni mtu. Na mtoto je? Hapa ndipo linapozuka swali tunalotaka kulitazama: ni juu ya msingi gani tunawajibika kumfundisha mtoto mwenye ulemavu pamoja na wenzake, tangu darasa la awali?

Wahenga walituachia jibu moja: hujafa hujaumbika. Ni neno zuri, nalo limezuia kejeli nyingi. Walakini tukilipima tutaona kwamba limesimama juu ya woga: usimcheke mwenzako, usije ukawa kama yeye. Atendaye wema kwa kuogopa yatakayomfika anajitazama mwenyewe. Jibu la pili ni huruma, nayo ni tunu ya utu ambayo hatuibezi. Lakini huruma ni mali ya mwenye kuitoa. Hutoa akipenda, na akichoka huacha. Mtoto hawezi kujenga maisha yake juu ya kitu ambacho mwingine aweza kukiondoa kesho.

Linabaki jibu la tatu, nalo ni haki. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zetu zikuze moyo wa kuishi na kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ililitia jambo hilo katika lugha ya wajibu: mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya pekee. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima.

Hata hivyo, deni la haki halilipwi kwa kumwandikisha mtoto tu. Bukoba ipo shule iitwayo Mugeza Mseto, wanamosoma pamoja watoto wenye ulemavu na wasio nao. Jina hilo la mseto lastahili kutafakariwa. Mama wa Kihaya apikaye ndizi na maharage hatii vyote chunguni kwa mara moja. Hutanguliza maharage, akijua kuwa yanachelewa kuiva, kisha ndizi hufuata, na mwisho vyote huiva katika chungu kimoja. Angevitia pamoja, ndizi zingevurugika na maharage yangebaki magumu, na wa kulaumiwa asingekuwa haragwe.

Kadhalika mwalimu. Mtoto asiyeona, aliyeketishwa mbele ya ubao bila kitabu cha nukta nundu, amefungiwa tena chumba cha ndani, ila safari hii amefungiwa humo pamoja na wenzake. Ndiyo sababu tunaiheshimu kazi ya chuo kama Patandi, mkoani Arusha, kinachowaandaa walimu wa elimu maalumu. Na ndiyo sababu tunamheshimu mwalimu wa awali ambaye, baada ya miaka mingi darasani, huenda kuwafundisha walimu wenziwe. Yeye anageuza huruma kuwa ujuzi, na ujuzi hauchoki upesi kama moyo.

Watasema wengine: mwalimu ni mmoja, watoto ni wengi, atawezaje? Hoja hii ni ya kweli, wala haiondolewi kwa hotuba. Tena yupo mtoto kiziwi anayehitaji kwanza kuishi na watumiao lugha ya alama, ndipo apate lugha ya kukutana na wengine. Lakini ugumu wa kulipa deni haujapata kulifuta deni.

Na jambo hili si la darasani peke yake. Tarehe 30 Mei 2024, humu wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwezi uliofuata alipatikana ameuawa. Alikuwa hajafikia hata umri wa darasa la awali. Imani kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri ni ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitano hazaliwi nayo. Yeye akiketi na mwenzake mwenye ualbino, wakagombania mpira na kugawana muhogo, amekwisha kujua jambo ambalo mganga atashindwa kumsahaulisha.

Basi tuanze mapema, ndugu zangu. Tumtoe mtoto chumba cha ndani, na huko tumpelekako tumkute mwalimu aliyefundishwa namna ya kumpokea.