Hoteli ya Dunbar na Uhalali wa Kuitamani Jana

Wapo wanaosema kwamba kuililia neema iliyozaliwa na dhuluma ni kuililia dhuluma yenyewe. Kauli hii ina uzito, na pahala pema pa kuipimia ni Central Avenue, mjini Los Angeles, Marekani, liliposimama jengo liitwalo Hoteli ya Dunbar.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1928 kwa jina la Somerville. Waliolianzisha ni John Somerville, tabibu wa meno mzaliwa wa Jamaika, na mkewe Vada, naye tabibu wa meno. Mwaka huo huo likawapokea wajumbe wa mkutano mkuu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akiwemo mwanachuoni W. E. B. Du Bois. Mwaka uliofuata masoko ya hisa yakaporomoka, Somerville akapoteza mali yake, na hoteli ikapata mwenyewe mpya na jina jipya: la mshairi Paul Laurence Dunbar.

Humo walilala Duke Ellington, Louis Armstrong na Billie Holiday. Msomaji asidhani walipelekwa na mapenzi tu. Mwanamuziki mweusi aliweza kuwatumbuiza wazungu usiku kucha, akapigiwa makofi, kisha akanyimwa kitanda katika hoteli zao. Mikataba ya nyumba nayo iliwazuia weusi kukaa sehemu nyingi za mji. Kwa hiyo tabibu, mwanasheria, mpiga tarumbeta na mchukuzi walisongamana kando ya njia moja, na katika msongamano huo jazi ikanawiri.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuitekeleza mikataba ile. Kidogo kidogo milango mingine ikafunguka, wageni wakatawanyika, na mwaka 1974 Dunbar ikafungwa. Nani alaumiwe? Si mgeni aliyekwenda kulala kwingine, maana haki ya kuchagua ndiyo hasa iliyopiganiwa. Hasara ipo, mkosaji hayupo; na wenye kupenda kuhukumu hutaabika sana mbele ya hasara isiyo na mdaiwa.

Walakini kauli ile ya mwanzo inachanganya mambo mawili. Ubaguzi uliwalazimisha watu hawa kulala mtaa mmoja. Haukuwalazimisha kulala pazuri. Kwa sheria za siku zile, chumba chenye kitanda na beseni kingetosha. Akina Somerville wakajenga ukumbi wenye nakshi, matao na taa za kuning'inia, kwa mikono ya mafundi weusi, kana kwamba wageni wao ni wafalme. Ziada hiyo haikutoka kwa mbaguzi, na anayeitamani leo hamtamani mbaguzi. Ila aitamani kwa hadhari, asije akausifu ukuta kwa sababu ya maua yaliyoota kando yake.

Jengo liliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1976, likafunguliwa tena mwaka 1990 kama makazi ya watu wa kipato kidogo, likachakaa tena, kisha likakarabatiwa upya hadi mwaka 2013. Safari hii vyumba vyake vikawa makazi ya wazee, kwa kodi nafuu. Wapenzi wa jazi wengine walinung'unika: uhuisho gani huu usiokuwa na tarumbeta? Lakini kazi ya kwanza ya nyumba ile ilikuwa kumlaza aliyekosa pa kulala, na mzee asiyemudu kodi ya Los Angeles ni mgeni wa namna ile ile.

Na jina limebaki la Dunbar, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyefariki mwaka 1906 akiwa na miaka 33. Alipomaliza shule mjini Dayton alinyimwa kazi za ofisini kwa rangi yake, akaajiriwa kuendesha lifti kwa dola 4 kwa wiki. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi aliwauzia humo humo ndani ya lifti, abiria wakipanda na kushuka.