Nani Atasimama Kwenye Kona?

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, nalo ni khabari ya watu wanaopanda baiskeli kwa mchezo katika nchi ya Uingereza. Usilitupe gazeti ukasema, "Sheikh leo amekosa la kuandika." Nisubiri kidogo, kwani ndani ya jambo hili mna mas-ala niliyoyasomesha chuoni kwa zaidi ya miaka thalathini, na wala sikuyafahamu sawasawa mpaka niliposimama kando ya barabara ya watu.

Mwaka 2019 nilikwenda Uingereza kumtazama binti yangu. Mwanawe ni mwanachama wa chama kimoja cha wapanda baiskeli. Jioni moja ya mwezi wa Juni alivaa koti la manjano ya kung'aa, akachukua chupa ya chai, akaniambia, "Babu, twende ukaone mashindano." Nikamwuliza, baiskeli yako iko wapi? Akanijibu kuwa jioni ile haikuwa zamu yake ya kupanda, ilikuwa zamu yake ya kusimama.

Mashindano yenyewe ni hivi. Hawaondoki kundi zima. Huondoka mpandaji mmoja, ikipita dakika moja huondoka wa pili, na kila mmoja hushindana na saa. Kujificha upepo nyuma ya mwenzako ni makosa. Dasturi hii ni kongwe. Katika miaka ya 1890 mbio za makundi barabarani ziliwatia wapanda baiskeli katika ugomvi na polisi, na chama chao kikuu kikazikataa. Ndipo Bwana Frederick Thomas Bidlake na wenzake wa chama cha North Road, mwaka 1895, wakapanga mbio za mtu mmoja mmoja. Kwa miaka mingi walikuwa wakiondoka alfajiri, wamevaa nguo nyeusi, na barabara waliitaja kwa herufi na namba ili asijue asiyehusika. Nguo nyeusi zimekwisha, lakini zile herufi na namba zipo mpaka leo. Na vyama vidogo vidogo, jioni za kiangazi, hufanya mbio zao za maili 10, yaani kama kilomita 16. Kule wakati huo Maghribi huingia baada ya saa tatu ya usiku, basi mtu hutoka kazini akapata nafasi ya kupanda na bado kuna mwangaza.

Barabara haifungwi. Malori yanapita, mabasi yanapita, na mpandaji ameinamisha kichwa anakwenda kama mshale. Kwa hivyo katika kila kipilefti na kila pahala pa kugeukia hutakiwa asimame mtu. Mtu huyo hana amri ya kusimamisha gari, kwani yeye si askari. Kazi yake ni kuonekana, kumwelekeza mpandaji njia, na kukaa macho mpaka wa mwisho amepita. Halipwi kitu. Na wasipopatikana watu wa kutosha, mwenye kuandaa hana budi kuzivunja mbio.

Sasa tazama ugumu uliomo. Kila mwanachama amejiunga ili apande. Hapana hata mmoja aliyetoa ada yake ili apate kusimama konani saa nzima akipigwa na upepo. Na mtu hawezi kuyafanya yote mawili jioni moja: ama yuko juu ya baiskeli, ama yuko kwenye kona. Basi hakuna anayepanda ila yuko mwenzake aliyeacha kupanda.

Mjukuu wangu akanihadithia kuwa kona ile tuliyosimama, kwa miaka mingi ilikuwa ni ya mzee mmoja aliyekwisha acha kushindana. Hapana aliyempangia. Alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, wakamzoea, na mwisho wakaacha hata kumwuliza. Jioni moja hakutokea. Alikuwa amelazwa hospitali. Wapandaji thelathini na kitu wamekwisha vaa, namba zi mgongoni, na kona haina mtu. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuwa leo apande yeye na asimame mwingine. Mbio zikavunjwa, wakarudi makwao wamenuna, na wako waliomlaumu mzee kwa kutoleta khabari!

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu nilimkumbuka mtu wa mtaani petu.

Kwetu alikuwako mwosha maiti mmoja. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisomesha, na vijana wakiitikia kwa sauti moja, kwamba kumwosha maiti ni fardhi ya kifaya: wakiitekeleza baadhi imewaondokea wote, wakiiacha wote wamepata dhambi. Nikishasema hivyo nafsi yangu hustarehe, maana hao "baadhi" nilikuwa nikiwajua kwa jina na kwa nyumba. Alikuwa ni mtu huyo mmoja. Usiku wa manane, siku ya Idi, mvua ya masika, akiitwa anakuja. Alipokufa yeye, tulikaa barazani mpaka adhuhuri ikapita, tunaulizana nani atamwosha. Walikuwapo wanafunzi wangu kama ishirini wanaojua masharti na nguzo kwa moyo, na hapana aliyewahi kutia mkono. Mimi mwenyewe nilipata kumwosha marehemu baba yangu tu, na siku hiyo nilikuwa nikiongozwa na yeye huyo. Mwisho akaja mtu kutoka mtaa wa pili, akatusitiri.

Ndugu msomaji, tulikosea wapi? Hukumu tuliisoma vizuri. Lakini tulisahau kuwa kuondokewa na dhambi si kuondokewa na deni. Mwenzangu akiibeba fardhi ya wote, mimi nimesalimika na lawama ya kuachwa kwake, ndiyo. Lakini yeye amebeba kwa bega lake, na bega hilo nina haki ya kulitazama. Wala hapana kitabu nilichokisoma kilichosema kuwa hao "baadhi" wawe ni wale wale mpaka kaburini.

Ukitaka kuona zamu ilivyo na heshima, rejea safari ya Badri, mwaka wa 2 Hijria. Waislamu walikuwa zaidi ya 300 na ngamia wao kama 70, basi watu watatu wakishirikiana ngamia mmoja kwa zamu. Mtume (S.A.W.) alikuwa na Sayyidna Ali na Abu Lubaba. Ilipofika zamu ya Mtume ya kwenda kwa miguu, wenzake walimwomba wao waende na yeye apande. Akakataa. Jawabu yake, kwa maana yake, ni kwamba wao hawakumshinda nguvu, wala yeye hakuwa mwenye kujitosha na thawabu kuliko wao. Mimi husimama hapo penye neno thawabu. Aliihesabu ile zamu ya taabu kuwa ni fungu lake, na fungu la mtu halichukuliwi na mwingine kwa jina la kumheshimu. Je, sisi mwosha wetu hatukumheshimu? Tulimheshimu sana! Tulimwita kwa jina la heshima, tukampa kiti cha mbele, na fungu letu tukamwachia yeye.

Turejee kwa wapanda baiskeli. Baada ya mbio zile kuvunjika waliandika orodha: kila anayetaka kupanda katika msimu, lazima asimame mara mbili. Mwanachama mmoja akapinga. Akasema, "Mimi nimejiunga kwa hiari yangu. Wema wa kulazimishwa si wema." Mjukuu wangu alidhani nitamcheka mtu huyu, nami sikumcheka, maana neno lake lina uzito. Sisi pia twajua kuwa amali ni kwa nia, na anayefanya kwa kuogopa kufutwa jina amefanya kwa ajili ya jina.

Walakin nina mawili ya kumjibu. La kwanza, kupangiwa wakati hakuiui nia. Swala tano zimepangiwa nyakati zake, na aliyesema atasali moyo utakapompeleka, mara nyingi huwa hasali. La pili ndilo zito zaidi. Mtu huyu anadhani kuwa pasipo orodha pana hiari. Hiari ya nani? Ya kwake yeye, ndiyo. Lakini ile kazi haikuondoka. Imemwelemea mwenye haya, yule asiyeweza kusema "siwezi". Yule mzee wa kona hakuwa na hiari tena baada ya mwaka wa tatu. Angeacha, mbio zingekufa, naye alilijua hilo. Pahala pasipo zamu, mwenye haya ndiye punda wa wote, na wengine huita hali hiyo kujitolea.

Hata hivyo sitaki kuisifu orodha kupita kiasi chake. Jioni ile ile ng'ambo ya kipilefti alisimama kijana mwingine ambaye zamu ilikuwa ni yake, na macho yake muda wote yalikuwa katika simu. Orodha imemleta miguu tu. Wapandaji wawili walimpita hawakujua kama pana mtu. Mjukuu wangu alimpigia kelele mara mbili, kisha akachoka, akawa anawatazama wa pande zote mbili yeye peke yake. Basi ikawa zamu imegawanywa karatasini, na mzigo umerudi kwa mmoja vile vile.

Kuna jambo katika Sura ya Nisaa, aya ya 102, ambalo nimelisoma mara nyingi kwa ajili ya hukumu zake tu. Ni sala ya khofu. Jeshi liko mbele ya adui na wakati wa sala umeingia. Kundi moja linasali nyuma ya Mtume na kundi la pili limesimama kulinda. Kisha wanabadilishana, waliolinda wakaja kusali na waliosali wakenda kulinda. Ingekuwa wepesi zaidi kuwachagua mashujaa kadhaa, wakaambiwa: nyinyi lindeni siku zote, udhuru wenu umekubaliwa. Haikuwa hivyo. Aliyelinda hakunyimwa safu, na aliyekuwa katika safu hakusamehewa ulinzi. Na tazama tena: wakati huu mmoja anasujudu, uhai wake umo katika macho ya mwenzake. Kijana yule wa simu hakulijua hili. Pengine hajapata kupita kona kwa kasi na lori ubavuni.

Wengine huuliza: je, mwenye mali akimlipa mtu asimame badala yake? Mimi sioni haramu, ikiwa aliyelipwa ameridhika na anaijua kazi. Ila nadhani amenunua hasara. Anayesimama konani mara moja, akalowa mvua, siku ya pili akipita juu ya baiskeli humwinulia mkono yule aliyesimama. Asiyesimama kamwe humwona kama nguzo ya taa, na akikosea njia humtukana.

Na zamu si lazima iwe mizani ya duka. Mama mwenye mtoto mchanga, mfanya kazi wa usiku, mwenye magoti mabovu, hawa huwezi kuwasimamisha saa nzima. Lakini mbio zina kazi nyingine: kuandika majina, kugawa namba, kushika saa, kumshikilia mpandaji pale pa kuondokea, kuwapikia watu chai. Yule mzee alipotoka hospitali walimpa meza ya kuandikia namba. Nilimwona. Aliniambia kwa kinywa cha mjukuu wangu kuwa anaikumbuka kona yake, na kwamba watu siku hizi wanamwuliza kwanza kabla ya kumwandika katika orodha. Hilo la kuulizwa alilitaja mara mbili.

Nilipofika nyumbani nilikusanya watu baada ya Ishaa, nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Tukapata majina tisa. Mwosha wa mtaa wa pili alikubali kutufundisha kwa mikono, maana kwa kitabu tulikuwa tumekwisha hitimu. Kijana mmoja alisema wazi kuwa anaogopa maiti. Yeye tukamwandikia kuchota maji na kukata sanda. Jina langu nililiweka la kwanza ili nisipate pa kujificha.

Zamu yangu ilikuja haraka, saa nane ya usiku, na mvua inanyesha. Nilisikia mlango unagongwa. Na nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kuwa kabla sijainuka kitandani, jambo la kwanza lililonijia ni kutafuta katika kichwa changu jina la mtu mwingine.